Chuma Kilichokuwamo Majini

Baba yangu ametunza bwawa moja la kuogelea tangu 2004, na sijawahi kumwona akiogelea ndani yake. Bwawa si letu. Liko nyuma ya nyumba kubwa Oysterbay, Dar es Salaam. Lina urefu wa mita 10, upana wa mita 4, na kina kinachoanzia mita 1 na kuishia mita 2. Likijaa linachukua lita 60,000. Hesabu hiyo alinifundisha Baba nikiwa darasa la tano: urefu mara upana mara wastani wa kina. Kwa muda mrefu niliamini hisabati ilibuniwa kwa ajili ya watu wanaotunza mabwawa.

Mwishoni mwa 2022 bwawa hilo lilipata madoa. Baba alinipigia jioni, siku ya katikati ya wiki, jambo ambalo si kawaida yake. Yeye hupiga Jumapili, baada ya kanisa, na huanza kwa kuuliza kama nimekula. Siku hiyo hakuuliza. Alisema ngazi za bwawa zimegeuka rangi ya chai, kuta nazo zimeanza, na bosi amesema atakata nusu ya mshahara wa mwezi huo kwa sababu ya uharibifu. Akiona hakuna mabadiliko, atatafuta kampuni.

Nilimuuliza, "Baba, kwani uliweka dawa gani?"

Alikaa kimya kidogo. "Dawa ile ile, mama. Miaka yote dawa ni ile ile."

Tulipokata simu ndipo nilipojisikia. Swali nililomuuliza ndilo lile lile alilokuwa ameulizwa na bosi wake asubuhi. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia. Wiki ile ile nilikuwa nimewasilisha darasani mada kuhusu mafaili ya zama za Waingereza na namna watumishi wa nyumbani wanavyoonekana humo. Katika yale niliyokuwa nimesoma, mpishi au dobi mara nyingi huingia kwenye faili siku anapolalamikiwa. Sahani imevunjika, shati limeungua, fedha zimepungua. Miaka ambayo sahani hazikuvunjika haina faili. Niliwaambia wenzangu, kwa sauti ya mtu anayejiamini, kwamba mwanahistoria asianze na maneno ya mlalamikaji. Halafu nikaanza nayo, tena kwa baba yangu mzazi.

Kulikuwa na jambo jingine lililonisumbua usiku ule. Muda si mrefu kabla ya hapo darasa letu lilikuwa limekwenda Kilwa Kisiwani. Pale kuna magofu ya Husuni Kubwa, jumba lililojengwa kwa mawe ya matumbawe mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331. Ndani ya jumba hilo kuna bwawa la kuogea lenye pembe nane. Sote tulilipiga picha. Tulizungumza kuhusu sultani, kuhusu dhahabu ya Sofala, kuhusu Neville Chittick aliyeongoza uchimbaji wa kiakiolojia Kilwa. Hakuna aliyeuliza nani alilijaza, nani alilisugua, na maji yalipobadilika rangi nani aliulizwa ameweka nini. Nami sikuuliza, ingawa nimesomeshwa kwa mshahara wa mtu mwenye kazi hiyo hiyo.

Jumamosi nilipanda daladala hadi Morocco, nikamalizia kwa bodaboda.

*

Tuanze na maji yenyewe, kwa sababu ndiko lilikoanzia tatizo.

Oysterbay ulikuwa mtaa wa Wazungu. Tangu kanuni za ujenzi za Wajerumani za 1891, na baadaye kanda za ujenzi za Waingereza, Dar es Salaam iligawanywa kwa namna ambayo bado inasikika katika majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Nyumba zenye viwanja vipana na upepo wa bahari zilikuwa za wachache, na mabomba nayo yalijua njia ya kufika kwao. Jiji lilipokua, maji yake yalitoka mbali zaidi na zaidi: kwanza visima, kisha mto Kizinga kupitia mtambo wa Mtoni, kisha mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu ulianza 1959, na wa Ruvu Chini 1976. Hadi leo sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji hutoka Ruvu. Ruvu ukikauka, Oysterbay na Manzese wote wanasikia, ila hawasikii sawasawa.

Mwaka 2022 mvua zilichelewa, Ruvu ukapungua, na mwezi wa kumi ukatangazwa mgao wa maji. Kwetu sisi wa hosteli mgao ulimaanisha ndoo chini ya kitanda na foleni ya alfajiri. Kwenye nyumba anayofanyia kazi Baba ulimaanisha jambo jingine. Bwawa lilikuwa limepunguzwa nusu ili fundi abadilishe taa ya ndani iliyopasuka. Kazi ya taa ilipokwisha, bomba halikuwa na maji ya kulijaza. Wageni wa Krismasi walikuwa wanakuja. Nyuma ya nyumba kuna kisima kirefu kilichochimbwa zamani, ambacho maji yake hutumika kumwagilia bustani tu. Bosi akasema maji yatoke huko.

Baba aliwasha pampu. Maji yalitoka meupe kabisa, ungeweza kusoma gazeti kupitia glasi yake. Lita 30,000 ziliingia kwa siku mbili. Siku ya tatu akaweka klorini kama kawaida, nyingi kidogo kwa sababu maji yalikuwa mapya. Kufikia jioni bwawa lilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Aliacha chujio la mchanga lifanye kazi usiku kucha, akalisafisha, akaliwasha tena. Siku ya tano maji yalirudi kuwa meupe. Ngazi hazikurudi.

Kwa mtu aliyekuwa akitazama kutoka dirishani, habari ni rahisi sana: maji yalikuwa safi, mzee akatia dawa, maji yakachafuka. Ushahidi wa macho wote ulikuwa upande wa bosi.

*

Kuna mambo mawili kuhusu chuma ambayo yanapaswa kujulikana hapa. Chini ardhini, mahali pasipo na hewa ya kutosha, chuma kilichomo kwenye mchanga na mawe huyeyuka majini na kukaa humo bila rangi. Huwezi kukiona. Unaweza kukionja, kwa sababu maji huwa na ladha kama umelamba msumari. Hilo ni la kwanza. La pili ni kwamba chuma hicho kikikutana na hewa, au na kitu kinachofanya kazi ya hewa kwa haraka zaidi, hubadilika na kuwa kutu. Kutu haiyeyuki. Inatafuta pa kukaa: kwenye plasta, kwenye vigae, kwenye ngazi ya tatu ambako watoto hupenda kuketi.

Klorini hufanya kazi hiyo ya hewa kwa kasi. Ni kitu chenye historia nzito kwa jinsi kinavyoaminiwa. Carl Wilhelm Scheele aliitengeneza 1774 bila kujua kwamba ni elementi. Humphry Davy ndiye aliyeipa jina 1810, kutokana na neno la Kigiriki la rangi ya kijani iliyofifia. Mwezi wa nne 1915 Wajerumani waliiachia kama gesi ya sumu juu ya mahandaki ya Ypres, Ubelgiji. Miaka saba kabla ya hapo, mwaka 1908, mji wa Jersey City nchini Marekani ulikuwa umeanza kuitia kwenye maji ya kunywa, na mfano huo ukaigwa kwingi. Tunaiita dawa, na kwa haki kabisa. Lakini kazi yake si kuondoa kila kitu. Viini vya maradhi inaviua. Chuma haikiui, inakifichua.

Kiasi chenyewe si kikubwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba chuma kikizidi miligramu 0.3 kwa lita huanza kuacha madoa kwenye nguo na masinki. Sikuwa na maabara, lakini tufanye hesabu ya Baba. Tuseme kisima kilikuwa na miligramu 3 kwa lita. Mara lita 30,000, ni gramu 90. Hiyo ni kama misumari sita au saba ya inchi nne, iliyosagwa ikawa vumbi na kupakwa juu ya bwawa zima. Inatosha kabisa kukata mshahara wa mtu.

*

Mlinzi alinifungulia. Bosi alikuwa ametoka. Baba alikuwa amekaa chini ya mkungu, daftari lake mapajani, na alipoinuka kunisalimia niliona amenyoa ndevu kama mtu anayekwenda kwenye usaili.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mama. Umekula?"

Nilikuwa nimesoma usiku kucha, na nilikuwa nimebeba vitu vitatu tu: ndoo mbili nyeupe na pakiti ya vidonge vya vitamini C kutoka duka la dawa. Baba alivitazama vile vidonge akauliza nani anaumwa mafua.

Kutambua doa ni kama kazi ya nyaraka. Unaanza kwa kuuliza nani mwingine angeweza kuliandika. Mkungu ule ulikuwa mshukiwa wa kwanza, kwa sababu majani yake yakikaa majini huacha madoa ya kahawia pia. Doa la majani lina tabia moja: ukiliwekea klorini juu yake hufifia. Baba aliweka chembe chache za klorini kwenye soksi kuukuu, akaibana kwenye ngazi ya kwanza kwa fimbo. Tulisubiri. Doa halikufifia. Kama kuna kilichotokea, lilikolea. Mkungu tukauachia.

Mshukiwa wa pili ilikuwa shaba. Shaba hutoka kwenye mabomba ya kupashia maji moto, hasa maji yakiwa na asidi nyingi, au kwenye baadhi ya dawa za kuua mwani. Lakini madoa ya shaba huelekea kijani au buluu, na ndiyo shaba inayogeuza nywele za Wazungu kuwa kijani, ingawa watu huilaumu klorini. Manganizi huacha weusi au zambarau. Letu lilikuwa kahawia lenye wekundu, na lilikuwa zito zaidi karibu na matundu yanayorudisha maji kutoka kwenye chujio. Rangi na mahali vyote vilisema chuma. Lakini rangi peke yake si ushahidi wa kutosha.

Nikatoa kidonge. Unakishikilia juu ya doa, chini ya maji, bila kusugua, kwa nusu dakika hivi. Nililala kifudifudi ukingoni, mkono umezama hadi kwenye kwapa, Baba akihesabu kwa sauti. Alipofika thelathini nikaondoa mkono. Kwenye ngazi ya pili palikuwa na duara jeupe, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, safi kama siku plasta ilipopakwa.

Baba alichuchumaa. Alilitazama duara lile kwa muda. "Kumi na nane," alisema. "Kumi na nane, mama, na sikujua." Alimaanisha miaka.

Lakini duara lile lilithibitisha tu kwamba doa ni chuma. Halikusema chuma kilitoka wapi, na swali la bosi lilikuwa hilo. Ndipo zikaja ndoo. Moja tuliijaza maji ya kisima, nyingine maji ya bomba kutoka kwenye tangi la nyumba, lililokuwa limejazwa na boza juzi yake. Zote mbili zilikuwa nyeupe, huwezi kuzitofautisha. Baba akatia kila moja kiasi kile kile cha klorini kutoka kwenye ndoo ile ile ya dawa. Tukakaa chini ya mkungu, tukala mihogo aliyoninunulia njiani. Kabla hatujaimaliza, ndoo ya kisima ilikuwa imeanza kuwa ya manjano, kisha kahawia. Ya bomba ilibaki ilivyokuwa.

*

Kwa nini vitamini C? Hilo nililifuatilia baadaye, nikagundua kwamba historia yake nayo ilianza na madoa ya kahawia.

Albert Szent-Györgyi, mwanasayansi wa Hungaria aliyezaliwa Budapest 1893, alikuwa akichunguza kwa nini mimea fulani ikikatwa hugeuka kahawia. Ndizi na kiazi ukivimenya vinabadilika rangi mbele ya macho yako, ndimu haibadiliki. Aliona kwamba kwenye juisi za mimea ya namna ya pili kuna kitu kinachozuia weusi kutokea. Mwaka 1928, akiwa Cambridge, alitangaza kwamba amekipata. Hakujua hasa ni nini, akapendekeza jina la mzaha lililomaanisha sukari isiyojulikana. Mhariri wa jarida alikataa. Akapendekeza jingine, lenye maana ya Mungu ndiye ajuaye. Hilo pia likakataliwa. Miaka michache baadaye, akiwa Szeged ambako pilipili hoho nyekundu hulimwa kwa wingi, aligundua kwamba pilipili hizo zimejaa kitu hicho, na ikathibitika kwamba ndicho kile kinachozuia kiseyeye, maradhi ya fizi yaliyowamaliza mabaharia kwa karne nyingi. James Lind alikuwa ameshaonyesha mwaka 1747, ndani ya meli, kwamba machungwa na malimau yanaponya, bila kujua ndani yake kuna nini. Kitu hicho kikaitwa asidi askobiki, yaani asidi isiyo na kiseyeye. Szent-Györgyi alipata Tuzo ya Nobel 1937.

Kazi yake kwenye doa ni kuigeuza kutu kurudi kuwa chuma kile cha mwanzo, kinachoyeyuka, kisicho na rangi. Nilipomweleza Baba, alisema bibi yangu alikuwa akitoa kutu kwenye kanga kwa ndimu na chumvi, anaianika juani, jioni imekwisha. Asidi ya ndimu inayofanya kazi hiyo ni nyingine, lakini ni kweli, nilikuwa nimemwona bibi nikiwa mdogo. Sikuwahi kuihesabu kama elimu.

*

Bosi alirudi tukiwa bado na ndoo zetu. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na Szent-Györgyi kichwani, na nilikuwa na kitu bora zaidi: daftari la Baba.

Daftari hilo anaandika tangu siku ya kwanza. Ni la saba au la nane sasa, yale ya zamani yako nyumbani kwenye sanduku. Kila siku ina mstari: tarehe, kimo cha maji, dawa, chujio. Nilikuwa nimelifungua wakati wa kusubiri ndoo. Kwenye siku ya kujaza aliandika, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa: MAJI YA KISIMA. YANA LADHA YA MSUMARI. NIMEMWAMBIA BOSI. AMESEMA JAZA.

Nilitaka kumwonyesha bosi mstari huo. Nilimwambia Baba kwa sauti ya chini. Alilichukua daftari kutoka mikononi mwangu, akalifunga, akalikalia.

"Hili ni daftari la maji," alisema. "Si la kesi."

Kisha akasimama, akamwita bosi waziwazi, kama mtu anayemwita jirani aje aone ng'ombe aliyezaa. "Bosi, njoo utazame. Hii ndoo ya kisima. Hii ya bomba. Dawa ni moja." Akamwonyesha na duara kwenye ngazi ya pili.

Bosi alitazama ndoo. Aliinama akanusa. Akatazama duara, akatazama vidonge, akanitazama mimi.

"Kumbe," alisema.

Tulisubiri neno la pili.

"Sasa yatatoka?"

"Yatatoka," Baba alisema.

*

Yalitoka. Kazi ilichukua kama wiki tatu, na naandika hatua zake hapa kwa sababu zilitugharimu.

Kwanza unaiacha klorini iishe. Usipofanya hivyo, klorini huila vitamini C kabla haijafika kwenye doa, na fedha yako imekwenda na maji. Jua la Dar es Salaam lilitusaidia, siku tatu zikatosha. Watu hawaogelei wakati huo, na unatia dawa ya kuzuia mwani isiyo na shaba, maana bwawa lisilo na klorini hugeuka kijani haraka. Pili, unanunua asidi askobiki ya unga. Vidonge ni vya kupima tu. Kipimo ni kama nusu kilo kwa lita 40,000, kwa hiyo sisi tulihitaji gramu 750. Niliinunua kwenye duka linalouza kemikali za viwanda vya vyakula, kwa posho yangu, na sikumwambia Baba bei. Alimwaga unga akizunguka ukingo, pampu ikiwa imewashwa. Unga huo hauchanganywi na klorini kwenye ndoo moja, kamwe. Kemikali hizo mbili zikikutana kavu ni hatari.

Ndani ya saa moja kuta zilikuwa nyeupe. Nimeona mambo machache maishani yenye kuridhisha kiasi hicho. Madoa yalikuwa yakipungua kama jasho linavyokauka kwenye shati.

Lakini hapa ndipo watu wengi hukosea. Doa limeondoka, chuma hakijaondoka. Kimerudi majini, kimelala, na ukitia klorini leo kesho kinarudi ngazini. Kwa hiyo hatua ya tatu ni kutia dawa inayokishika chuma kisigeuke kutu. Wanakemia wana neno kwa namna hiyo ya kushika, lililobuniwa Uingereza mwaka 1920 na Gilbert Morgan na Harry Drew kutokana na neno la Kigiriki la gando la kaa. Baba alilipenda hilo. Amekulia Mafia, anajua gando linavyoshika. Tangu siku hiyo haiiti dawa ile kwa jina lililoandikwa kwenye chupa. Anaiita gando.

Gando nalo huchoka. Klorini hulila polepole, hivyo dawa hiyo hurudiwa mara kwa mara. Klorini inarudishwa kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili hivi, na kipimo cha asidi ya maji kinawekwa karibu 7.2, kisipande. Ukitaka kukiondoa chuma kabisa, njia ya uhakika ni kupunguza maji na kuongeza mengine yasiyo na chuma. Mvua ziliporejea na bomba likapata nguvu, Baba alifanya hivyo, robo baada ya robo.

*

Wageni wa Krismasi walikuja wakaogelea. Nusu ya mshahara haikurudi. Mwezi uliofuata Baba alilipwa wote, na jambo lile halikutajwa tena na yeyote. Kampuni haikutafutwa.

Niliendelea kulisemea jambo hilo kila nilipopiga simu. Nilimwambia ana haki, ana ushahidi, ana mstari wenye tarehe. Mwishowe alinijibu, bila hasira. Alisema mimi nataka ashinde, yeye anataka kazi, na kwamba kwa miaka yote hiyo ada yangu haikulipwa na ushindi. Sikuwa na la kumjibu. Bado sina, ingawa sijakubali. Nadhani anajua pia kwamba neno lile "kumbe" lilitoka kwa sababu ndoo zilikuwa mbili na yeye ndiye aliyezishika. Ningelisoma daftari kwa sauti, tungepata neno jingine.

Kilichobadilika ni upande wangu. Nilibadilisha mada ya tasnifu. Nilikuwa naandika kuhusu mipango ya maji ya serikali ya kikoloni. Sasa naandika kuhusu watu waliofanya kazi na maji hayo ndani ya nyumba za Oysterbay: wachota maji, watunza bustani, wasafisha mabwawa. Msimamizi wangu aliuliza vyanzo viko wapi. Nilimwambia vingine viko kwenye masanduku chini ya vitanda, na kwamba nimeshaona kimoja.

Nilimwomba Baba msamaha pia, kwa swali la kwenye simu. Alijifanya hakumbuki.

Juzi nilikwenda kuomba daftari la 2022 ili nilipige picha kurasa zake. Lilikuwa bado na kurasa tupu, na yeye hatupi karatasi, kwa hiyo lilikuwa bado linatumika. Nilitafuta wiki ya madoa. Siku kuta zilipokuwa nyeupe aliandika: MADOA YAMETOKA. CHUMA BADO KIMO. Chini yake, kimo cha maji na idadi ya dakika za chujio, kama siku nyingine yoyote.

Aliniruhusu kuondoka nalo. Alinisindikiza hadi getini, akaniambia nilirudishe kabla ya Jumatatu, maana Jumatatu anasafisha chujio na hawezi kuandika kwenye karatasi tupu tu.